Ilete Ikiwa Moto

Asubuhi pikipiki yangu haikunisumbua hata siku moja. Saa kumi na mbili kasorobo, kiti kikiwa bado na umande, navuta choki, nakanyaga kiki mara moja, ikizidi mara mbili, nayo inaitika. Malori yaliyolala kwenye foleni ya mpaka yanaanza kunguruma, wauza chai wanapuliza mkaa, na mimi nimeshatoka Busia, upande wa Uganda, kuelekea ziwani. Kwa miezi minne, ile kiki moja ya alfajiri ndiyo iliyonizuia kuamini kwamba injini ilikuwa na ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa unanisubiri njiani, Lumino.

Mimi ni mtu wa boda, hapa mpakani ambako neno lenyewe lilizaliwa enzi za baiskeli, watu wakivushwa kutoka boda moja hadi boda ya pili. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja wa biashara ya mukene, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao wenzetu wa upande wa Kenya wanawaita omena na Watanzania wanawaita dagaa. Ananunua Majanji, ufukweni, wakiwa wameshakauka. Tunafunga magunia mawili nyuma, yeye anajibana katikati, tunarudi. Barabara ya kule sasa ni lami, kwa hiyo injini ya cc 100 inakimbizwa na mzigo mkubwa kuliko aliyeitengeneza alivyokusudia, na jua la saa tatu liko juu ya kichwa.

Pale Lumino tunasimama kumwachia mteja wake gunia moja. Wanapima, wanabishana bei, wanaulizana habari za nyumbani hadi kwa wajukuu. Ni dakika kumi, au kumi na tano. Nikirudi kwenye pikipiki nakanyaga kiki: kimya. Nakanyaga ya kumi: kimya. Starta ya umeme inazungusha na kuzungusha hadi betri inachoka. Jasho linanitoka, mama amesimama kando ameshika leso yake, harufu ya mukene imetuzunguka. Halafu baada ya dakika arobaini hivi, bila mimi kufanya jambo lolote jipya, inawaka kama vile haikukataa kamwe.

Siku moja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, wateja wangu wa sokoni hawaningojei. Nitafute boda nyingine?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma. Wiki iliyofuata alipanda pikipiki ya kijana mwingine wa steji yetu. Nilimwona akipita nikatazama pembeni.

Nieleze kwanza jinsi nilivyotumia pesa, kwa sababu najua wengi wako katikati ya njia hiyohiyo. Nilianza na plagi. Kila mtu anaanza na plagi, na si vibaya, ni rahisi. Nikanunua mpya, nikaweka, siku mbili nikaona kama kuna nafuu, kumbe siku hizo mbili kulikuwa na mawingu. Kisha koili, inayoipa plagi umeme wa cheche. Kisha CDI, kile kifaa kinachoamuru cheche iruke lini, ambacho kilimeza faida ya wiki nzima. Kisha kabureta ikafunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Kila kifaa kilichotolewa kilikuwa kizima. Bado ninavyo kwenye kopo nyumbani, na koili ile ya zamani nimeshamwazima mwenzangu ikafanya kazi bila taabu.

Fundi aliyenihudumia ni kijana mwenye mikono mizuri, na simlaumu. Shida ilikuwa moja: kila nilipomfikia, injini ilikuwa imeshapoa. Kutoka Lumino nilikuwa siwezi kutoka mpaka ipoe. Nikifika Busia nashusha mzigo, nanywa chai, nangoja zamu yangu pale kwake, na yeye akikanyaga kiki mara moja tu inawaka. "Mbona iko sawa?" ananiuliza. Nami namwambia haiko sawa. Hapo yeye na mimi tunaanza kubahatisha.

Steji nayo ilikuwa na majibu yake. Mwenyekiti wetu alisema ni koili, kwa sababu yake iliwahi kuwa koili. Mwingine akasema ni kifuniko cha tangi, kwa sababu chake kiliwahi kuziba. Wa tatu akaapa ni petroli iliyochakachuliwa. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba kila mmoja alikuwa anasema kweli tupu kuhusu pikipiki yake mwenyewe.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni mzee mmoja anayekaa njia ya kutokea mjini kwenda Majanji. Zamani alikuwa fundi wa magari jeshini, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na cha amri. Sote tunamwita Afande. Hana bango wala duka, ana mwembe, benchi la mbao na sanduku la spana lililopakwa rangi ya kijani. Nilimpelekea pikipiki jioni moja, nikamsimulia yote tangu plagi hadi CDI. Alisikiliza hadi mwisho, akakanyaga kiki kwa mkono, ndiyo, kwa mkono wake akiwa ameinama, ikawaka. Akazima.

"Unaniletea mgonjwa aliyekwisha kupona," akasema, "unataka nimtibu nini?"

"Afande, ikipata moto ndiyo inakataa."

"Basi ilete ikiwa moto."

Siku ya pili nilienda Majanji peke yangu, nikaomba magunia mawili ya mchanga niwe na uzito uleule, nikarudi kwa mwendo uleule, sikusimama Lumino. Nilifika chini ya mwembe miguu ikichomwa na joto la injini. Afande akasema zima, usiiguse, kaa. Akaniletea chai. Nilitaka kuanza kazi mara moja, yeye akakataa. Alinieleza sababu, na ni jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Pikipiki ikiwa inakwenda, upepo unapita kwenye mapezi ya silinda na kuondoa joto. Ukisimama na kuzima, upepo umekatika lakini chuma bado kina moto wake wote, nao unasambaa kwenda kwenye vitu ambavyo safari nzima vilikuwa vimepoa: kabureta, mpira wake, koili, waya za magneti. Kwa hiyo dakika kumi baada ya kuzima, kabureta huwa na joto kuliko ilivyokuwa barabarani. Ndiyo maana anayezima na kuwasha papo hapo mara nyingi anafanikiwa, na anayekunywa soda kwanza anakwama.

Dakika kumi na tano zilipotimia, akaniambia nikanyage. Kimya. Nilimwona akitabasamu, kwa mara ya kwanza mgonjwa alikuwa amelala mbele ya daktari akiwa na homa yake.

Jambo la kwanza hakutumia spana yoyote. Aliniambia nikanyage kiki polepole, kwa uzito wa mguu tu, na nimwambie ninavyosikia. Asubuhi, kabla ya safari, alikuwa amenipa kazi hiyohiyo na nilikuwa nimeona jinsi kiki inavyofika mahali inagoma, inabidi uisukume ili ipite. Sasa mguu ulishuka hadi chini kama ninakanyaga gunia la pumba. Hakukuwa na kugoma kokote. "Kumbuka hiyo," akasema, "lakini usiamue bado."

Kisha akafungua kifuniko cha tangi akaweka sikio. Tundu la hewa likiziba, petroli inaposhuka kunakuwa na mvuto ndani, na ukifungua utasikia hewa inaingia kwa kishindo kidogo, fss. Hakukuwa na kitu. Akachukua mpira wa petroli akauchomoa kwenye kabureta, petroli ikatiririka vizuri kwenye kopo. Akalipeleka kopo mbali, upande wa pili wa mwembe, na akafuta mikono kabla ya kugusa plagi. Alikuwa mkali kuhusu hilo. Ameona mtu akiungua, petroli iliyomwagika na cheche ya plagi vikikutana, na hataki kuona tena.

Plagi ilipotoka tuliitazama wote wawili. Hii ndiyo njia panda yenyewe. Plagi ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yamezidi: ama sindano ya kwenye boya la kabureta haifungi sawasawa, ama choki imekwama, ama fundi wa mwisho ameacha kiwango cha boya juu mno, na joto linachemsha kile kilichomo kikamwagikia ndani. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Yangu ilikuwa na unyevu kidogo tu, wa kawaida, rangi ya kahawia kama gome la mti. Mafuta yanafika na hayakuzidi.

Akairudisha plagi kwenye kofia yake, akaigusisha chuma cha injini mbali na tundu lake, akaziba tundu kwa kitambaa, nikakanyaga. Cheche ikaruka, ya buluu, na mlio wake ukasikika, ta. Akaniambia nikanyage mara nyingi, na kila mara cheche ilikuwapo. Nilikumbuka koili na CDI nilizonunua, nikanyamaza.

Mafuta yapo, cheche ipo. Kilichobaki ni mgandamizo, yaani pistoni kubana hewa ndani ya silinda. Akatoa kwenye sanduku la kijani geji ya kupimia, akaifunga kwenye tundu la plagi, akaniambia nifungue aksileta yote, maana ukipima imefungwa hewa haiingii na kipimo kinakudanganya. Nikakanyaga hadi mshale ukasimama: 85. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ulikuwa umesimama kwenye 140. Kisha akamimina kijiko kimoja cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, tukapima tena. Kama ringi za pistoni ndizo zimechakaa, ile oili inaziba nafasi kwa muda na kipimo kinapanda sana. Kilipanda kidogo tu, hadi 90. Hewa haikuwa inapita chini, kwenye ringi. Ilikuwa inapita juu, kwenye valvu, vile vizibo vya kuingizia hewa na kutolea moshi.

Niliona giza linaingia nikamwomba afungue vifuniko vya tapeti, zile skrubu zinazoweka nafasi ndogo juu ya valvu, tumalize. Alikataa kabisa. "Ugonjwa tazama ukiwa moto. Kipimo chukua kikiwa baridi. Nenda, uje alfajiri kwa kusukuma, usiiwashe." Nikaisukuma hadi nyumbani na alfajiri nikaisukuma kurudi, kwani nafasi ya tapeti inayoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ni ya injini iliyolala usiku mzima. Ukipima ikiwa moto, unapata namba isiyo na maana.

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe ndiye mwenye kosa.

Miezi mitano nyuma, injini ilikuwa inapiga ta-ta-ta-ta laini upande wa juu. Abiria mmoja aliniuliza kama pikipiki ni nzee. Nikaona aibu. Nikaenda kwa fundi nikamwambia akaze tapeti kelele iishe. Alikaza kwa kusikiliza, injini ikiwa inanguruma na ina moto, hadi ikanyamaza. Nilimlipa nikaondoka nimefurahi, nikawaonyesha wenzangu jinsi ilivyo tulivu. Ilikuwa mimi niliyeomba. Yeye alinipa nilichokitaka.

Afande alipozungusha magneti hadi alama ya T, ya pistoni kuwa juu kabisa, ikakaa mahali pake, rocka zote mbili, ile mikono inayosukuma valvu, zikitakiwa kulegea, ile ya valvu ya kutolea moshi haikuwa na mchezo hata kidogo. Kwa injini yangu kipimo ni 0.05 ya milimita kwenye valvu ya kuingizia na 0.10 kwenye ya kutolea. Ya wengine ni tofauti, tazameni kitabu cha pikipiki yenu, msichukue cha kwangu. Alijaribu kuingiza fila, kijibamba chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.10, ikakataa. Akajaribu ya 0.05, ambayo ni nyembamba hata unaogopa itakunjika, ikakataa. Nafasi ilikuwa sifuri, na hapo injini ni baridi.

Valvu ya kutolea moshi inapitiwa na moto mkali kuliko kitu chochote kingine kwenye kichwa cha injini. Ikipata moto inarefuka. Ile nafasi ndogo ya 0.10 imewekwa ili valvu ipate pa kurefukia na bado ifunge. Ukiiondoa, valvu ikirefuka haina pa kwenda, inabaki imeinuliwa unywele mmoja kutoka kwenye kiti chake. Kwenye mwendo wa kasi huoni shida, kwa sababu mgandamizo unatokea haraka na hewa haipati muda wa kuvuja yote. Kwa kiki au starta, injini inazunguka polepole, hewa inavuja, na petroli na cheche vipo lakini hakuna cha kulipuka kwa nguvu. Injini ikipoa, valvu inarudi kimo chake, inafunga, na wewe unaamini imepona. Ndiyo maana wakati mwingine kuisukuma kwenye mteremko kwa gia ya pili kulinisaidia ambapo kiki ilishindwa: injini ilikuwa inazungushwa haraka zaidi. Nasema wakati mwingine, maana cheche dhaifu nayo inapata nafuu kwa kusukumwa, kwa hiyo kusukuma peke yake hakukuambii ugonjwa ni upi.

Na kuna jambo baya zaidi ya kukwama Lumino. Valvu inatoa joto lake kwa kukaa kwenye kiti chake. Isipokaa, joto linabaki ndani yake, moto unapenya kwenye ule ufa, na ukingo wake unaanza kuungua. Tapeti iliyolegea kidogo inakupigia kelele. Iliyokazwa mno inakaa kimya ikiunguza injini yako. Ile ta-ta-ta niliyoionea aibu ilikuwa sauti ya nafasi ambayo valvu inapumulia.

Afande alilegeza nati ndogo, akazungusha skrubu, akaingiza fila hadi ikawa inapita kwa kukwaruza kidogo, akakaza nati, kisha akapima tena. Hiyo ya kupima tena alinirudia mara tatu, kwa sababu nati inapokazwa skrubu nayo inafuata kidogo na kipimo kinapotea. Halafu akanifanya nilegeze na kurekebisha upya mwenyewe, mbele yake, mikono yangu ikitetemeka. Alichukua shilingi 15,000 tu.

Nilienda Majanji siku hiyohiyo. Niliporudi nilisimama Lumino bila kuwa na sababu, nikazima, nikanunua chapati, nikahesabu dakika kumi na tano kwenye simu. Nikakanyaga kiki. Iliwaka ya kwanza. Nilisimama pale na chapati mkononi sijui nifanye nini na furaha niliyokuwa nayo.

Ningependa kusema iliishia hapo. Wiki ya saba nilisikia mguu unaanza kushuka kilaini tena wakati wa joto. Safari hii sikungoja ikatae. Asubuhi nilipima mwenyewe na fila ambayo nilikuwa nimeshainunua, nikakuta ile ya kutolea imeshuka hadi 0.05, na haikuguswa na mtu. Tapeti ikilegea yenyewe ni kawaida, skrubu na rocka zinachakaa. Ikijikaza yenyewe, maana yake valvu inazama kwenye kiti chake, na kwamba ile miezi minne iliacha jeraha. Afande alifungua kichwa cha injini, akanionyesha ukingo wa valvu: upande mmoja unang'aa, upande mwingine una vishimo vyeusi kama jino lililooza. Tulinunua valvu mpya na sili zake na gasketi, akaisaga kwenye kiti kwa dawa ya kusagia, akizungusha kwa viganja kama mtu anayepekecha moto, hadi mstari wa kijivu ukazunguka pande zote bila kukatika. Kisha akamimina petroli kwenye njia ya moshi, tukaangalia kama inavuja kupita valvu. Tulikaa dakika kumi bila tone. Kwa vyote nililipa zaidi ya shilingi 100,000, na kama ningeifikia mapema, kungetosha fila na spana mbili.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama pikipiki za wenzangu kwa jicho lingine, na steji imezoea kuniita. Mwenyekiti, yule wa koili, alikuwa na haki yake. Ugonjwa wake wa zamani ulimrudia mwaka huu, na safari hii tulimpima palepale alipokwama: kiki inagoma vizuri, plagi imelowa kidogo, cheche hakuna kabisa. Nilichukua kitambaa, nikakilowesha, nikakifunga kwenye koili na kungoja dakika chache bila kugusa kingine chochote. Cheche ikarudi. Waya zilizomo ndani ya koili zikipata moto zinatanuka, na palipokatika panaachana. Zikipoa panagusana tena. Angepeleka koili hiyo ikiwa baridi ikapimwe, mita ingesema ni nzima. Kama kitambaa kwenye koili kisingesaidia, ningeshuka kwenye waya za magneti, maana zile nazo zina ugonjwa huohuo na ziko mahali pa moto zaidi. Lakini tafadhali, kitambaa kilicholowa kwenye koili, si maji ya ndoo kwenye injini. Nimeona watu Majanji wanachota ziwani na kumwagia silinda inayofuka. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka.

Mwingine alikuwa amepaka tangi rangi mpya, nyekundu nzuri sana, na rangi ikaziba tundu la kifuniko. Yeye hakuwa anakwama akisimama. Alikuwa anazimika akitembea, baada ya kilomita nyingi, na akifungua kifuniko kutazama kama petroli imekwisha, inawaka. Alidhani petroli inaisha. Pini moja ilimaliza kazi.

Kwa anayekwama leo njiani na hana geji wala Afande, nitasema ninavyofanya. Sivuti choki kwenye injini ya moto. Choki inaongeza petroli, na kama tayari imezidi, unazamisha plagi. Nafungua aksileta yote, naishikilia hapo, nakanyaga mara tano au sita mfululizo; kama petroli ndiyo iliyozidi, hewa inaifagia na mara nyingi inakohoa na kuwaka. Isipowaka, naacha. Kumaliza betri na goti hakuongezi cheche. Nashika spana ya plagi, ambayo sasa iko chini ya kiti kila siku pamoja na plagi moja nzima, naangalia wakati moto bado upo. Kiki inagoma au haigomi? Plagi imelowa, ni kavu, au ni ya kawaida? Cheche ipo? Naandika kwenye simu, kwa sababu ukifika kwa fundi utaulizwa na utakuwa umesahau, na pikipiki itakuwa imeshabadilisha maneno.

Mama wa mukene alirudi bila kusema mengi. Siku moja alinikuta steji, akauliza, "Imepona?" Nikamwambia imepona, Mama, nami nimejifunza kuipima. Akapanda. Lumino walibishana bei hadi nikaona kivuli kinahama, na nilipokanyaga kiki alikuwa amenikazia macho, sio mimi, mguu wangu.

Jumatatu hii kijana mmoja mgeni kwenye steji alikuja na malalamiko yaleyale: baridi inawaka, moto inakataa. Ilikuwa saa moja asubuhi, pikipiki imelala usiku kucha. Wenzangu wakaanza kumtajia plagi, koili, CDI. Nilimwambia aweke petroli twende. Tulikwenda hadi ziwani na kurudi, tukasimama Lumino, tukazima, tukangoja. Plagi yake ilitoka imelowa, inachuruzika, na petroli inatona kwenye mpira wa kumwagia chini ya kabureta. Kiki inagoma vizuri kabisa na cheche ni ya buluu. Kabureta yake ilipofunguliwa, ncha ya sindano ya boya ilikuwa na mfereji uliochongeka pande zote. Sindano ya aina yake hapa Busia tumekosa, tumeagiza Kampala, inakuja na basi la kesho.